Kibao Hubadilika, Chesisi Haibadiliki

Huku Oakdale, mji mdogo ulio mashariki ya Saint Paul katika jimbo la Minnesota, mtu bila gari ni kama mvuvi bila ngalawa. Baridi ya Januari haina mchezo, na kazi, chuo na duka viko mbalimbali. Kwa hiyo kijana akishafika, haukawii ujumbe kwa wazazi Maskati au Dubai: "Baba, nimepata gari, nitumie pesa." Picha inakuja kwenye WhatsApp, gari linang'aa, kibao cha namba kinasomeka vizuri. Mzee anatoa riali zake, mama anaongezea, gari linanunuliwa.

Tunasema, ngojeni kwanza. Msiulize gari lina namba gani. Ulizeni chesisi yake.

Sisi wa Ghuba tunajua kuwa namba ni mali ya mtu, si ya gari. Mwaka 2023 namba P 7 iliuzwa mnadani Dubai kwa dirham milioni 55, na hapo hakuna gari ndani yake. Mwenye namba huitoa kwenye gari hili akaivalisha lingine. Sasa namba hiyo itakwambia nini juu ya injini? Marekani nako ni vivyo hivyo: gari likihamia jimbo jingine huvalishwa kibao kipya, kama mtu anayebadilisha kanzu. Tena ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 inayolinda siri za mwenye gari, basi mnunuzi wa kawaida hawezi kupeleka namba ya kibao ofisini akapewa jina na anuani ya mwenyewe.

Namba ya chesisi, ambayo huku wanaiita VIN, ndiyo inayozaliwa na gari na kufa nalo. Kuanzia magari ya 1981 ina herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Ya 10 inaonyesha mwaka wa modeli. Ya 9 ni ya kukagulia: inapatikana kwa hesabu kutokana na zile nyingine 16, kwa hiyo namba ya kubuni mara nyingi hujifichua yenyewe. Itazame chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, kisha kwenye karatasi iliyobandikwa fremu ya mlango wake, kisha kwenye hati ya umiliki. Zote tatu zifanane. Zikitofautiana, ondoka, hata bei iwe tamu namna gani.

Ukiwa na namba hiyo, milango mitatu iko wazi. Shirika la bima la NICB hukwambia bure kama gari liliripotiwa kuibiwa au kuandikwa kuwa limeharibika. NHTSA, idara ya usalama barabarani, hukwambia bure kama kiwanda kimeliita gari lirudi kurekebishwa. Na mfumo wa NMVTIS, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 dhidi ya wizi wa magari, hukusanya habari za hati kutoka majimboni, kwa makampuni ya bima na kwa wavunja magari. Huu unalipiwa dola chache. Lakini ajali ambayo haikuripotiwa popote haimo humo, ndiyo maana fundi bado anahitajika. Huku barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na sisi watu wa pwani tunajua chumvi inavyokula bati. Mwambie fundi alinyanyue gari atazame chini.

Msidhani haya ni ya Oakdale tu. Kimbunga Harvey mwaka 2017 kilizamisha magari mengi Texas. Gonu ya 2007 tuliiona Oman, na mvua ya Aprili 2024 tuliiona Imarati. Gari lililozama hukaushwa, likaoshwa, likanukia vizuri, huku kutu inatafuna waya polepole. Magari yaliyoharibika Marekani huuzwa kwa mnada, na mengine hupakiwa meli mpaka Sharjah, yakanyooshwa na kupakwa rangi. Aliyeko Sohar au Al Ain akiuziwa gari la Marekani, namba ileile ya 17 anaweza kuiangalia kwa simu yake kabla ya kutoa pesa.

Sheria ya Minnesota inamsaidia mnunuzi anaponunua kwa muuza magari mwenye leseni. Gari lililotembea chini ya maili 36,000 lina dhamana ya siku 60 au maili 2,500. Kuanzia 36,000 mpaka 75,000, ni siku 30 au maili 1,000. Gari la chini ya dola 3,000 halimo. Ila ukinunua kwa mtu binafsi, dhamana hiyo huipati.

Na sisi tunanunua kwa nani? Kwa mtu wetu. Rafiki wa shemeji, jirani wa msikitini, mtoto wa fulani wa kule Unguja. Tunaona haya kumwomba hati, tusije tukaonekana tunamshuku. Haya hiyo ndiyo inayotugharimu, kwa sababu mtu wetu naye huenda aliuziwa bila kujua, na gari likizimika katikati ya theluji undugu nao unaingia ufa. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandikiana madeni, na ndani yake mnaamrishwa kuweka mashahidi mnapouziana. Basi kuulizana si utovu wa adabu. Muuzaji mwema atafurahi kuonyesha.

Wazazi, kabla ya kutuma pesa mwambieni mtoto alete vitu vitatu: picha ya namba ya chesisi, picha ya hati ya umiliki yenye jina la anayeuza na isiyoonyesha deni la benki, na karatasi ya fundi asiyemjua muuzaji. Vikikosekana, pesa zikae Maskati. Magari hayaishi.