DJIBOUTI: STESHENI NDOGO ISIMAMISHAYO GARI KUBWA



Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2025 wengi wetu tulikaa karibu na redio tukingojea habari kutoka Addis Ababa. Mtu wetu, marehemu Raila Odinga, alikuwa akigombea uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Katika duru ya kwanza aliongoza, na watu wakaanza kushangilia. Duru ya saba ilipokwisha, aliyechukua kiti alikuwa Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti, kwa kura 33. Jumatatu yake karakana nzima haikuwa na habari nyingine. Fundi mmoja mzee akauliza kwa hasira, "Hiyo Djibouti ni nchi gani hata itushinde sisi?"

Swali lile ni jema, ila lilijibiwa kwa kicheko na matusi, kisha kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Sisi hatukuridhika. Nchi ikikushinda yafaa uijue, na nchi hii sisi watu wa reli tunayo sababu ya kuijua kuliko wengine.

Djibouti ilipata uhuru wake kutoka kwa Wafaransa tarehe 27 Juni 1977. Ukubwa wake unaizidi Kaunti ya Kajiado kwa kidogo tu, na watu wake, wapatao milioni moja, hawafiki watu wa Mombasa. Nchi ni mawe na joto. Mashamba ni haba mno, na mto wa kutiririka mwaka mzima hakuna. Kitu alichopewa Mjibuti ni mahali alipo: mlango wa Bab el-Mandeb, ambapo bahari ina upana wa kama kilomita 30 tu, na meli zote ziendazo Mfereji wa Suez kutoka upande wetu hazina budi kupita hapo. Nyuma yake yuko Ethiopia, jirani mwenye watu zaidi ya milioni 100, ambaye hana bahari tangu Eritrea ilipojitenga mwaka 1993.

Wazee waliofanya kazi enzi za tokeni wanatusimulia habari za stesheni za kupishana katika pori la Tsavo. Stesheni yenyewe ilikuwa kibanda, tangi la maji na njia mbili. Lakini gari la abiria lenye mabwana wakubwa ndani yake, likitoka Mombasa kwenda Nairobi, lilisimama pale likangoja, kwa sababu dereva hakuwa na ruhusa ya kuingia katika njia iliyo mbele mpaka stesheni masta wa kibanda kile ampe tokeni. Bwana mkubwa angeweza kuchungulia dirishani na kufoka mpaka achoke. Djibouti ni stesheni ya namna hiyo. Na kazi yote ya mabalozi wake, ukiipima vizuri, ni moja: kuhakikisha kwamba tokeni haitoki mkononi mwake, na kwamba magari makubwa hayagongani juu ya kibanda chake.

Angalieni jinsi wanavyoifanya. Wafaransa walibaki na askari wao tangu siku ya uhuru. Mwaka 2002 Wamarekani wakaja, wakapewa kambi ya Lemonnier, na katika mapatano ya mwaka 2014 wakakubali kulipa kiasi cha dola milioni 63 kila mwaka. Wajapani wakafungua kambi yao mwaka 2011, Waitalia mwaka 2013. Halafu mwaka 2017 Wachina wakafungua ya kwao, kambi ya kwanza ya askari wa China nje ya China, si mbali na Wamarekani. Sote twaijua methali ya tembo na nyasi. Huyu amewaita tembo watano nyumbani kwake na akawatoza kodi ya kukanyaga.

Wako wasemao kwamba huo ni uuzaji wa nchi. Sisi tulidhani hivyo hivyo mwanzoni, na hata sasa hatupendi kuona askari wa kigeni juu ya ardhi ya Afrika. Lakini wasomao Biblia watakumbuka habari za Nabothi, aliyekuwa na shamba la mizabibu kando ya jumba la Mfalme Ahabu. Nabothi alikataa kuliuza, na haki ilikuwa yake, lakini aliuawa kwa mawe na shamba likachukuliwa. Nabothi alikuwa na Ahabu mmoja. Mjibuti amewapangisha Ahabu watano kwa pamoja, na kila mmoja anamchunga mwenzake asilichukue shamba peke yake. Mwenye nguvu hawezi kumlaumu sana mnyonge kwa hila ya namna hii. Yeye hakuachiwa nyingine.

Hila hiyo hata hivyo haizuii kila pigo. Mwaka 2008 Djibouti na Eritrea walipigana mpakani, huko Ras Doumeira. Mwaka 2010 Qatar ikaleta askari wake kusimama katikati. Mwaka 2017 Waarabu wa Ghuba wakagombana wao kwa wao, Saudi Arabia na wenzake upande mmoja na Qatar upande wa pili, na Djibouti ikapunguza ubalozi wake na Qatar ili isiwaudhi Wasaudi. Mara Qatar ikawaondoa askari wake pale mpakani, na Djibouti ikalalamika kwamba askari wa Eritrea wameingia. Ndivyo ilivyo kwa mdogo: ugomvi wa watu wengine, katika mji wa mbali, unamtoa mlinzi mlangoni kwako usiku huo huo.

Lakini shauri kubwa kuliko yote ni Ethiopia, na hapa ndipo reli inapoingia.

Reli ya Wafaransa ilianza kujengwa kutoka Djibouti mwaka 1897, mwaka mmoja tu baada ya hii yetu kuanza kule Mombasa. Upana wa njia ulikuwa ule ule wa mita moja. Mwaka 1902 ikafika Dire Dawa, mji uliozaliwa na reli kama Nairobi ilivyozaliwa, wenye karakana kama yetu. Mwaka 1917 ikafika Addis Ababa. Ilizeeka kama yetu ilivyozeeka. Halafu wakaja Wachina na mikopo ya Benki ya Exim, wakajenga njia mpya pana, ya umeme, iliyofunguliwa upande wa Ethiopia Oktoba 2016 na upande wa Djibouti Januari 2017. Yetu kutoka Mombasa ilifunguliwa Mei mwaka huo huo. (Yetu si ya umeme. Tuliambiwa umeme utakuja.) Basi ndugu zetu wa Dire Dawa na sisi ni kama mapacha waliolelewa nyumba mbili, na ni jambo la aibu kwamba hatuandikiani hata barua.

Eritrea na Ethiopia walipoanza vita mwaka 1998, mizigo ya Ethiopia iliyokuwa ikipita Assab ilihamia Djibouti yote, na mpaka leo zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mizigo ya Ethiopia ya nje hupita huko. Mtu angesema: basi Djibouti amemshika Ethiopia koo. Si kweli, au tuseme ni nusu ya kweli. Tangu mwaka 2011 Djibouti inanunua umeme kutoka Ethiopia, na tangu 2017 maji ya kunywa huja kwa bomba kutoka huko huko. Akimfungia jirani mlango wa bahari, taa za nyumbani kwake zaweza kuzimika na mifereji ikakauka. Hao ni kama wafungwa wawili waliofungwa mnyororo mmoja, isipokuwa mmoja wao ni mkubwa mara mia moja.

Ndiyo maana Djibouti huogopa amani kuliko watu wengine wanavyoogopa vita, jambo la ajabu kidogo. Mwaka 2018 Ethiopia na Eritrea walipopatana, Afrika nzima ilifurahi, lakini pale bandarini mtu alikuwa na haki ya kujiuliza kama Assab itafunguliwa tena. Na tarehe 1 Januari 2024 Ethiopia ikatia sahihi mapatano na Somaliland ya kupata ufuko wa bahari. Somalia ikakasirika, watu wakaanza kunong'ona vita. Djibouti haikupiga kelele. Mwezi wa Agosti mwaka huo ilimwambia Ethiopia: njoo, tutakupa bandari ya Tadjoura uisimamie. Aliyeitangaza habari hiyo alikuwa waziri wao wa mambo ya nje, huyo huyo Mahmoud Ali Youssouf, aliyekaa katika wizara ile tangu mwaka 2005. Miezi sita baadaye alikuwa amemshinda Raila. Bila shaka zilikuwapo sababu nyingine: anazungumza Kifaransa, Kiarabu na Kiingereza, na nchi yake imo katika jamii ya Waarabu na ya wasemao Kifaransa pia. Lakini mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka ishirini, akijua kila balozi kwa jina, si wa kuchekwa. Tena tusisahau kwamba Juni 2020 sisi ndio tuliowashinda, kule New York, kura 129 kwa 62, katika kugombea kiti cha Baraza la Usalama. Walishindwa, wakaenda nyumbani, wakajipanga.

Mpaka hapa tumewasifu. Sasa tuseme lililo moyoni.

Katika habari zote hizi za kambi, bandari na mikataba, mfanyakazi yuko wapi? Kodi ya kambi hulipwa Serikalini, ada za bandari hulipwa Serikalini, na Rais Ismail Omar Guelleh ameshika madaraka tangu 1999. Ajira kwa vijana ni haba, na makontena yanapita mbele ya macho yao. Mwaka 1995, Serikali ilipokaza mkanda kwa kuwakata wafanyakazi, vyama vyao viligoma, na viongozi wakafukuzwa kazi. Shauri lao likafika Geneva, katika Shirika la Kazi la Kimataifa. Sisi tunaona hilo halikuwa jambo la bahati mbaya. Nchi inayokula kwa kupangisha nyumba yake hutaka wapangaji waone nyumba imetulia. Mgomo wa makuli katika bandari ya namna hiyo huhesabiwa kuwa ni kosa la usalama, wala hausikilizwi kama shauri la mshahara. Kwa hiyo siasa ya nje, ambayo twaambiwa ni kazi ya mabwana wenye tai, inaingia mpaka katika bahasha ya mshahara wa kuli.

Na hapa hatusemi habari za Djibouti peke yake. Kwa Ethiopia yeye ndiye mlango, na kwa Uganda, Rwanda na Sudan Kusini mlango ni sisi. Mwaka 2023 Uganda ilipochoka kununua mafuta kupitia kwa wafanyabiashara wetu, ilikwenda mpaka Mahakama ya Afrika Mashariki, na ikawa ugomvi wa marais. Nani aliyemwuliza dereva wa treni au mpakuaji wa Kilindini? Bandari ya Lamu nayo tuliambiwa itachukua mizigo ya Ethiopia, yaani tulikusudia kumnyang'anya Mjibuti kitoweo chake, kisha tunashangaa kwamba hakutupigia kura! Mikataba ya mkopo wa reli yetu mpya tuliiona baadhi yake Novemba 2022, miaka mitano baada ya gari la kwanza kwenda. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuhamishwa, kupunguzwa au kufundishwa upya bila kujua kifungu gani kilitufanya hivyo.

Huko kwa wenzetu, Wachina waliendesha reli kwa miaka sita, na mwaka 2024 wakawakabidhi wenyeji. Tungependa sana kujua: siku ya kukabidhi, fundi wa Dire Dawa alipata cheo cha yule Mchina pamoja na mshahara wake, au alipata cheo tu? Hapa kwetu tumewaona watu waliopewa funguo za kazi kubwa na kuachiwa mshahara wa zamani, na walipouliza wakaambiwa wangoje barua. Barua nyingine bado iko njiani.

Kwa hiyo tawi letu limeandika hoja mbili. Ya kwanza, Katibu Mkuu awaandikie wafanyakazi wa reli wa Djibouti na wa Dire Dawa, kwa Kifaransa kama ni lazima, awaulize habari za makabidhiano yale na za mishahara. Ya pili, Chama kidai kiti, hata kama ni cha nyuma, katika mazungumzo yoyote ya Serikali na Uganda juu ya mizigo ipitayo Malaba. Hoja ya pili ilipingwa na wanachama wanne, waliosema kwamba mambo ya mabalozi hayatuhusu. Majina yao hatuyataji, nao wana haki ya kujibu katika gazeti hili. Hoja zote mbili ziko kwa Katibu wa Tawi, na atakayetaka kuzisoma kabla ya mkutano amwone saa ya chai, kwa maana nakala ni tatu tu na moja imekwisha kumwagikiwa na mafuta.