Rejeta Baridi si ya Kuvumiliwa

Leo naandikia hasa ninyi mlio Uingereza, mnaoshinda mkihudumia wazee wa watu, kisha usiku mnarudi kwenye chumba cha kupanga. Wa huku nyumbani mtaniwia radhi. Watoto wenu wako huko.

Baridi ikianza, ujumbe ni ule ule: "Pasta, rejeta ya chumbani iko moto chini, juu ni barafu. Valvu imebanwa konani, mkono hauingii. Nimeamua kulala na jaketi." Mpendwa, kwa hilo la jaketi nakupinga. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2018 kwamba ndani ya nyumba za nchi baridi joto lisishuke chini ya nyuzi 18. Kama una mtoto mchanga au mama mzee humo ndani, hilo si jambo la kujikaza.

Elewa shida yenyewe. Boila hupasha maji, pampu huyasukuma hadi kwenye rejeta. Hewa ikiingia hukaa juu, na maji moto hayafiki pale. Ukipandisha joto la boila unapandisha bili ya gesi tu. Hewa iko pale pale.

Kuitoa si kazi ya kuogopa. Zima mfumo, ngoja rejeta ipoe. Juu pembeni kuna kipande kidogo cha mraba. Shika kitambaa na bakuli, ingiza ufunguo wa rejeta, zungusha robo mzunguko kinyume cha saa. Utasikia "sss". Maji yakianza kutoka, funga. Usifungue mpaka skrubu ikatoka, utaoga maji meusi na zulia la watu liharibike. Wala usiwashe kiberiti hapo, maana wakati mwingine hiyo "hewa" ni haidrojeni iliyotokana na kutu, nayo hushika moto.

Sasa ile ya konani. Tafadhali weka plasi chini! Ule mraba ni laini. Kona zake zikishalika, hakuna ufunguo utakaoushika tena. Ingiza simu nyuma ya rejeta upige picha, uone valvu imekaaje. Nyingine zina mfuo wa bisibisi bapa. Kuna funguo zenye shingo ndefu na nyingine zinazopinda, na hazina bei ya kutisha. Kama ukuta unazuia mkono, zungusha kidogo, chomoa, ushike upya, zungusha tena. Inachosha vidole, lakini inafunguka.

Na hapa niseme wazi. Fundi aliyefunga valvu ikitazama ukuta, au aliyeifunika kwa sanduku la mbao lisilofunguka ili sebule ipendeze, alifanya kazi nusu. Kitu kinachohitaji kuhudumiwa kiachiwe nafasi ya mkono. Mpangaji asilipe kwa baridi kosa la mtu aliyekwisha kulipwa.

Najua mnaogopa kumsumbua mwenye nyumba. "Mimi ni mgeni, nikilalamika nitatolewa." Lakini England sheria ya wapangaji ya mwaka 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba aliyepangisha kwa muda mfupi, chini ya miaka saba, atunze vifaa vya kupasha nyumba joto. Kutoa hewa kwa ufunguo ni kazi yako, sikatai. Kubomoa sanduku au kung'oa rejeta ukutani si yako, na usijaribu.

Jambo moja sitalinyamazia: usiingize jiko la makaa ndani ukafunga madirisha. Gesi yake ya sumu haina harufu, na watu hulala wasiamke. Huku kwetu tumezika watu kwa sababu hiyo hiyo.

Ukimaliza, tazama kipimo cha presha kwenye boila. Mfumo ukiwa umepoa, nyingi husoma kati ya 1 na 1.5, ikishuka, ongeza maji kama kitabu cha boila kinavyoelekeza. Rejeta ikiwa moto juu na baridi chini, hiyo ni tope la kutu, na ufunguo hautakusaidia. Na hewa ikirudi baada ya wiki mbili, kuna mahali panavuja au panaliwa na kutu. Hapo mwandikie mwenye nyumba, kwa maandishi si kwa simu, uweke tarehe na ile picha ya valvu.