*TAMKO LA TAWI: KADI YA CHAMA SI MUHURI WA NYAMA*



Wiki iliyopita bwana afya alifunga bucha mbili mtaani kwetu. Moja ni ya mwanachama mwenzetu. Jua halijazama, simu zikawa zinamiminika kwa viongozi wa tawi: "Ongeeni na diwani, huyu ni mtu wetu."

Jibu letu tunalitoa mbele ya wote: *hatutaongea na diwani.* Bucha ile haikufungwa kwa sababu ya siasa. Ilifungwa kwa sababu haikuwa na maji, gogo lilikuwa linanuka, na nyama iliyoning'inia haikuwa na muhuri wa mkaguzi.

Utetezi tuliousikia kwenye kundi hili ni wa aina tatu. Tuujibu.

*1. "Mbona miaka yote tunakula na hatufi?"*
Nani kasema hatufi? Mtoto akiharisha siku tatu tunasema anaota meno. Mtu akitoa tegu hakumbuki nusu kilo aliyoila ikiwa haijaiva. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 100 nchini, na mojawapo ya njia zake ni kushika damu na nyama ya mifugo wagonjwa. Kimeta nacho ni hivyo hivyo. Muhuri maana yake mnyama amekaguliwa kabla ya kuchinjwa na nyama yake ikakaguliwa baada ya kuchinjwa. Nyama inayoingia alfajiri ndani ya kiroba, nyuma ya bodaboda, nani kaikagua?

*2. "Nzi ni dalili kwamba nyama haina dawa."*
Nzi huyo ametoka chooni, hajatoka maabara. Tangu lini akawa mkaguzi? Wavu wa dirishani na kabati la kioo havijamfilisi mtu.

*3. "Msumeno ni ghali, gogo ndilo la mnyonge."*
Hapa kuna ukweli, na hatutaupuuza. Msumeno wa umeme ni mtaji mkubwa kwa mwenye bucha ya uchochoroni. Lakini gogo lina nyufa. Damu na mafuta vinaingia humo, na hata ukilikwangua na kulimwagia chumvi usiku, kesho unakatia nyama juu ya uozo wa jana. Ndiyo maana Bodi ya Nyama, iliyoundwa kwa Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, imekuwa ikiyakataza magogo kwa miaka mingi. Msumeno nao usipooshwa kila siku ni gogo la chuma tu.

Tena tuulizane: je, ndoo ya maji yenye koki nayo ni ghali? Sabuni? Koti lililofuliwa? Kumweka mtu mmoja akate na mwingine apokee pesa? Kuacha kufunga nyama kwenye gazeti la juzi? Na huyo mnyonge anayetetewa, mteja wake ni nani? Ni mama lishe, ni kibarua anayenunua robo kilo Jumapili. Mwenye gari ananunua kwingine. *Uchafu wa bucha zetu unamuumiza mnyonge kwanza.*

Lakini halmashauri nayo isijifiche nyuma ya faini. Inakusanya ushuru na ada za leseni, basi maji yafike kwenye mabucha na mkaguzi awepo machinjioni alfajiri, ng'ombe wanapochinjwa, si saa nne asubuhi. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu isiishie kwenye bodaboda na vyerehani. Vijana wa mabucha waunde kikundi, waombe, wanunue msumeno. Kufunga ni rahisi. Kazi ni kumwezesha mtu afungue akiwa safi.

*Kwa hiyo Tawi linaazimia:*
▪️ Hakuna kiongozi wa tawi atakayemwombea mwenye bucha chafu, awe mwanachama au asiwe.
▪️ Tutawasaidia wauza nyama wa mtaa huu, wa chama chochote, kuunda kikundi na kuandika maombi ya mkopo.
▪️ Tutadai kwenye mkutano wa mtaa ratiba ya mkaguzi ibandikwe hadharani.
▪️ Kila mwanachama, kabla hajalipa, aombe kuona muhuri. Usipouona, ondoka.

Ndugu yetu aliyefungiwa, hatujakutupa. Safisha, weka maji, ondoa gogo. Siku utakayofungua, viongozi wa tawi watakuwa wateja wako wa kwanza. Na tutaomba kuuona muhuri.

*Imetolewa na:*
Katibu Mwenezi wa Tawi
_Mfikishie na asiye kwenye kundi hili._