Ile hasi 70 haitoki kwenye pampu

Nilipotea kidogo, test zilinibana. Leo nina dukuduku.

Juzi kwenye diskasheni niliuliza: ile hasi 70 milivolti ndani ya seli ya neva imetoka wapi? Watu sita wakajibu kama kwaya: pampu! Sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani. Ndivyo desa linavyosema. Hata mimi mwaka jana nilijibu hivyo hivyo, nikapewa vema.

Jamani, pampu yenyewe inachangia milivolti chache tu. Kazi yake kubwa ni kutunza tofauti: potasiamu kama milimoli 140 kwa lita ndani, 4 nje. Umeme unatokea kwa sababu utando wa seli ukitulia unavujisha potasiamu kuliko sodiamu. Potasiamu ikitoka inaondoka na chaji chanya, ndani kunabaki hasi, na hiyo hasi inaanza kuivuta irudi. Kutoka na kuvutwa vikilingana, weka namba kwenye fomula ya Nernst kwa joto la mwili, unapata karibu hasi 95. Sodiamu kidogo inayopenya ndiyo inaipunguza hadi hasi 70.

Halafu gawanya hizo milivolti 70 kwa unene wa utando, kama nanomita 7. Volti milioni 10 kwa mita! Hewa inatoa cheche kwenye milioni 3 hivi. Nilidhani nimekosea sifuri.

Hodgkin na Huxley walipima neva nene ya ngisi (ndio, huyu huyu tunayemla), wakatoa milinganyo yao mwaka 1952. Huxley alipiga hesabu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Sisi tuna kalkuleta kwenye simu, tunakariri.

Mtasema tupo hapa kutafuta cheti. Sawa. Lakini nusu ya kundi letu ni madaktari wa kesho. Pandisha potasiamu ya nje kutoka 4 hadi 8, rudia hesabu: hasi 95 inakuwa kama hasi 76. Moyo haupendi hivyo, unaweza hata kusimama. Ndiyo maana potasiamu ya mshipani huchanganywa kwenye dripu iingie taratibu, haisukumwi na sindano. Aliyekariri "pampu" atajuaje kwa nini? Saa tisa usiku yuko zamu, amechoka, desa liko nyumbani.

Alhamisi jioni niko vimbweta vya nyuma ya maktaba na karatasi tupu. Mwenye hasira na mimi aje pia.