Mzozo wa Doctor Who: mashabiki wa zamani na wa sasa



Juzijuzi baada ya darsa la jioni tulibaki barazani na wanafunzi wetu wakubwa hapa Nyamirambo, tukisubiri mvua ikatike. Mmoja wao alifuatana na mjomba wake, mtu mzima aliyekulia Uingereza na aliyekuja Kigali kuzuru jamaa. Maneno yakaenda, yakarudi, mpaka yakafika kwenye Doctor Who, ule mchezo wa televisheni wa BBC. Kijana akasema kwa fahari kwamba Daktari wa juzi alikuwa mtoto wa kwetu, Ncuti Gatwa, aliyezaliwa hapa Rwanda mwaka 1992 na ambaye familia yake ilikimbilia Scotland wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Mjomba akacheka. Akasema, "Huyo si Daktari, mwanangu. Daktari alikwisha mwaka 1989."

Kijana akanyamaza. Nasi, badala ya kumsaidia, tukacheka pamoja na mkubwa mwenzetu. Kicheko kile kimetukaa vibaya tangu siku ile, na ndicho kilichotufanya tushike kalamu.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, ni hadithi ya kubuni ya kisayansi kuhusu msafiri anayeitwa Daktari, anayekwenda zama hii na zama ile ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha polisi cha rangi ya buluu. Ulianza tarehe 23 Novemba 1963. Mwaka 1966 mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, afya yake ilipozorota, watengenezaji wakabuni hila: Daktari anapokaribia kufa hubadilika mwili, akaja na sura nyingine. Kwa hila hiyo mchezo ukaendelea mpaka 1989 uliposimamishwa. Ukarudi mara moja tu kwa filamu ya 1996, kisha ukafufuliwa mwaka 2005. Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, wa zama za kale upande huu, wa zama mpya upande ule, na hawajapatana hata leo.

Tuanze na haki ya mjomba, maana anayo. Zamani kipindi kilikuwa cha dakika 25, na hadithi moja huchukua sehemu nne au sita, wiki baada ya wiki. Mtoto aliachwa Jumamosi na Daktari yumo hatarini, akakaa siku saba akiwaza atatokaje. Sisi tunaofundisha watoto tunajua thamani ya siku saba za kuwaza. Hadithi nyingi za sasa humalizika ndani ya dakika 45, mbio mbio, na muziki juu yake unaomwambia mtazamaji sasa lia, sasa furahi. Katika hili tuko pamoja na wazee, na hatuoni haya kusema.

Lakini mjomba hakusema hayo. Alisema yule si Daktari. Hilo ni neno jingine kabisa.

Wapenzi wa zamani husema mchezo umeingiliwa na wageni, wanawake na watu wa rangi zote, kana kwamba nyumba ilikuwa ya wengine. Sasa tuulize, nani aliyeijenga nyumba hiyo? Mtayarishaji wa kwanza alikuwa mwanamke, Verity Lambert, mwenye umri wa miaka 27 siku kipindi cha kwanza kiliporushwa. Na aliyekiongoza kipindi hicho ni Waris Hussein, kijana wa miaka 24 aliyezaliwa Lucknow, India. Kwa hiyo mwaka 2018, pale Daktari (safari hii mwanamke, Jodie Whittaker) alipopelekwa Punjab ya 1947, siku za kugawanywa India, akiwa na msichana wa Kiislamu wa Sheffield aitwaye Yasmin Khan aliyetaka kumjua bibi yake ujanani, hakuna mgeni aliyevunja mlango. Watu wa asili hiyo walikuwamo tangu siku ya kwanza, nyuma ya kamera.

Wala zamani yenyewe haikuwa dhahabu tupu. Hadithi moja ya 1977 inayosifiwa sana, The Talons of Weng-Chiang, ina mwigizaji mzungu aliyepakwa rangi na kubandikwa sura ya Mchina. Anayesema zamani hapakuwa na dosari, basi ameitazama kwa jicho moja.

Jambo lililotushangaza zaidi ni habari ya kanda. BBC, kwa kubana gharama na nafasi, ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960, na vipindi karibu 100 havijulikani viliko. Kwa miaka mingi watu walivisifu na kuvishutumu vipindi ambavyo hakuna awezaye kuvitazama tena. Hadithi ya The Tomb of the Cybermen ya 1967 ilitajwa kuwa ajabu ya maajabu. Ilipopatikana Hong Kong mwishoni mwa 1991, baadhi ya waliokuwa wakiisifu walivunjika moyo. Kinyume chake, The Enemy of the World haikuthaminiwa sana, maana ilikuwa imebaki sehemu moja tu kati ya sita. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sehemu zilizopotea zimepatikana Jos, Nigeria, katika jumla ya vipindi 9 vilivyogunduliwa huko. Watu wakatazama, wakastaajabu, na leo wengi wanaihesabu miongoni mwa hadithi nzuri za wakati wake. Kanda ni zilezile. Kilichowadanganya watu ni kumbukumbu. Nasi katika elimu yetu tumefundishwa kumuuliza msimuliaji, umelipata wapi, na hifadhi yako ikoje?

Na vijana nao wasijitoe. Wapo wanaosema ya zamani ni maboksi na rangi, na hawajamaliza hata sehemu moja. Kwa hao tunayo habari ya Chris Chibnall. Mwaka 1986, akiwa na miaka 16, alijitokeza kwenye kipindi cha BBC akaushutumu msimu wa mwaka huo hadharani, mbele ya waandishi wake. Miaka ikapita, mwaka 2018 akawa yeye ndiye mwandishi mkuu wa mchezo huohuo. Akashutumiwa naye, tena kwa maneno makali zaidi, hasa mwaka 2020 alipoandika kwamba Daktari wa Hartnell hakuwa wa kwanza. Kijana aliyesimama barazani kwa watu akageuka kuwa mzee anayesimamiwa.

Tukirudi kwa Gatwa, alishika nafasi hiyo mwishoni mwa 2023 akaiacha Mei 2025. Hadithi zake nyingine zilitupendeza, nyingine hatukuzielewa mwanzo wala mwisho, na kuna mambo ndani yake ambayo kila mzazi atayapima mwenyewe kabla ya kuwakalisha watoto. Hayo yote yanajadilika. Lakini kumwambia kijana wa Nyamirambo kwamba yule aliyefanana naye hakuwa Daktari, hiyo si hoja ya mchezo, na kijana aliisikia vile ilivyo.

Wiki iliyofuata tulikwenda nyumbani kwao, tukamwomba radhi kijana kwa kicheko chetu. Mjomba naye alikuwapo. Hakuomba radhi kwa maneno, maana watu wa umri wetu tuna tabu hiyo, ila alitoa diski ya The Enemy of the World kwenye sanduku lake la safari na kumwuliza mpwawe kama ana nafasi. Sharti la kijana lilikuwa kwamba baadaye watazame ile ya Punjab. Mjomba akakubali, akinung'unika kidogo.

Tulikaa nao. Sehemu ya kwanza kijana alikuwa akichezea simu. Sehemu ya tatu ilipokwisha akaiweka chini, akauliza, "Mjomba, zimebaki ngapi?"

"Tatu," akajibu, "lakini sisi tulikuwa tunangoja wiki nzima."

Wakabishana kama wangoje au waendelee. Tulipoaga kwenda kuswalisha Isha walikuwa bado wanabishana.