Beni–Kasindi: tairi la trela likipasuka, tusimsingizie Mungu

Kila lori la trela likianguka kwenye barabara ya Kasindi–Beni, maneno ni yale yale: barabara mbaya, dereva alilewa, siku yao ilikuwa imefika. Ni wachache wanaoinama kuangalia matairi.

Hata hivyo tairi lina tarehe yake. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2316 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lichunguzwe kila mwaka likipita miaka 5, na likifika miaka 10 litolewe, hata kama meno bado yapo. Mpira unazeeka kwa jua na joto, hata trela ikiwa imesimama uwanjani bila kazi.

Wenye malori wanajibu kwamba tairi jipya ni bei kali na la zamani bado lina meno. Meno hayaonyeshi umri. Nyufa ndogo ubavuni, uvimbe, nyuzi zinazochungulia: hizo ndizo dalili. Tairi lenye moja ya hizo halifai kubeba hata gunia moja, sembuse watu.

Tena trela ina hatari yake. Kwenye kona kali, matairi yake yanakokotwa kwa upande na kuliwa haraka. Moja la nyuma likiisha upepo, dereva aliye mbele anaweza asisikie kitu. Mwenzake wa pembeni anabeba mzigo wa mawili, anapata joto, naye anapasuka. Ongeza mzigo uliopita kipimo, na safari imeharibika kabla ya kuanza.

Nani analipa? Siyo mwenye lori, yeye amelala nyumbani kwake. Analipa dereva, na mama aliyepanda juu ya magunia pamoja na watoto kwa sababu kijiji chake kimeshambuliwa na hana pesa ya gari dogo. Kumwambia achague lori zuri ni kumcheka. Anayekimbia vita hachagui tairi.

Kwa hiyo mzigo huu ni wa wenye malori na wa serikali. Kwenye vizuizi, dereva anaombwa karatasi na pesa. Kusoma tarakimu nne na kupima upepo hakuchukui muda mrefu kuliko kubishana juu ya franka. Lori lenye matairi yaliyochoka lisimamishwe pale pale, mwenye lori atafutwe, na abiria warudishiwe nauli yao.

Tairi jipya lina bei, na bei hiyo inajulikana sokoni. Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya magunia hana bei. Mwenye lori asiyeweza kununua tairi asipakie watu.