Usimwite Mzee Mwongo

Huenda nyumbani kwako pia yumo mzee anayependa kusimulia habari ya siku fulani, na yumo mwingine ambaye kila mara humkatiza akisema, "Sivyo ilivyokuwa."

Kwetu siku hiyo ni tarehe 12 Aprili, 1984, alipofariki Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Mama husimulia kwamba habari ilipotangazwa redioni, baba alikuwa kibarazani akitengeneza baiskeli. Akaweka spana chini, akalia mbele ya watoto. Baba mdogo naye huapa kwamba kaka yake alikuwa kiwandani, zamu ya jioni, akarejea usiku asitamke neno. Baba alipofariki, ubishi huo ulizuka upya matangani. "Shemeji, huo ni uongo," alisema baba mdogo mbele ya wageni. Hawakusemezana kwa miezi.

Je, ni nani aliyesema uongo? Yawezekana kabisa kwamba hakuna.

Mwezi Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kiliangamia muda mfupi baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Kesho yake wataalamu wawili, Ulric Neisser na Nicole Harsch, waliwataka wanafunzi wa chuo kikuu waandike walivyoipata habari hiyo: walikuwa wapi, pamoja na nani. Baada ya miaka ipatayo miwili na nusu, waliwauliza tena baadhi yao. Wengi walitoa maelezo yaliyotofautiana sana na yale ya kwanza, ilhali walikuwa na hakika nayo. Hata walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, wapo walioshikilia maelezo mapya.

Kumbukumbu, basi, si picha iliyofungiwa sandukuni. Kila tusimuliapo twaijenga upya, na katika kuijenga huingia mambo ya siku nyingine na maneno tuliyoyasikia kwa wenzetu. Huenda mama alimwona baba akilia jioni nyingine, na machozi hayo yakahamia siku ya msiba wa taifa. Hata hivyo, simulizi lake latufundisha jambo: kwamba mume wake alikuwa mtu wa kuguswa na msiba wa wengine.

Yafaa, kwa hiyo, kuwasikiliza wazee wetu kwa adabu. Mwulize kila mmoja peke yake, kabla hajasikia ya mwenzake. Uliza mambo madogo: redio ilikuwa chumba gani, nani alibisha hodi, mlikula nini usiku ule. Andika katika daftari la kawaida, utie tarehe na jina la msimulizi. Wakitofautiana, andika yote mawili. Wala usingoje siku kubwa za taifa tu. Siku ya kuhamia mjini au ya kupata mshahara wa kwanza nayo ina habari zake.

Sisi tuliishi na baba miaka mingi, tukila naye sahani moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza: "Baba, jioni ile ulikuwa wapi?" Sasa mama na baba mdogo wamepatana, lakini swali limebaki bila mwenyewe wa kulijibu.

Wako bado yupo? Mwulize leo, baada ya chakula cha mchana.